Maneno ya Bibi Gough

Noreen Wathen aliegesha gari mbele ya nyumba ya Royden Somerville saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kabla ya kushuka aliisoma aya ile mara moja zaidi.

"Shahidi anaeleza kwamba mhusika hutembelewa na wanaume wanne au watano wasio raia, ambao majina yao hayajui. Huja kwa mashua, hupakua masanduku kwenye gati la nyuma ya nyumba, na huondoka bila kusemezana na mtu. Shahidi hamwamini mhusika na hapendekezi apewe dhamana yoyote ya serikali."

Chini yake: Odessa Gough, jirani, miaka themanini na mitatu. Amehojiwa ana kwa ana, barazani kwake, tarehe kumi na nne Agosti mwaka uliopita. Mpekuzi: G. Tippett.

Aya hiyo moja ndiyo iliyokuwa imelilaza faili la Royden Somerville karibu mwaka mzima. Tippett alikuwa amestaafu Januari, na sasa, Julai, faili limemwangukia Noreen likiwa na agizo la mstari mmoja: tafuta hao wageni ni akina nani, siku kumi. Noreen alikuwa mpelelezi katika ofisi ya sherifu miaka kumi na minne. Kwa miaka mitatu sasa alilipwa kwa kila faili na kampuni inayofanya upekuzi kwa niaba ya serikali: nani aaminiwe siri za kambi ya ndege za jeshi la majini, nani akae nje.

Royden alimfungulia kabla hajabisha. Mtu mrefu, miaka arobaini na minne, vidole vimejaa mikwaruzo.

"Nilizaliwa Leonardtown, hapa hapa wilayani," alisema. "Nakuokolea muda. Kila anayekuja anaanzia hapo."

"Basi tuanzie kwingine. Nieleze ulivyoacha kazi."

"Si imeandikwa humo?"

"Nataka nisikie kwako."

Alimvutia kiti cha jikoni, yeye akabaki amesimama. Mkewe, Thea, alikuwa kazini. Siku hizi alifanya zamu mbili kwenye chumba cha kufulia cha hospitali.

"Nilikuwa shirika la umeme la wilaya," alisema. "Chumba cha mitambo. Miaka kumi na tisa na miezi mitatu. Kampuni ya Corvane wakanipigia, wana kazi kambini, mtu anayejua mitambo ya umeme. Barua ikasema nitaanza mara kibali cha usalama kitakapotoka. Nikauliza, kinachukua muda gani? Yule dada wa ajira akasema wiki sita, nane zikizidi sana, wewe peleka notisi tu, tunakuhitaji. Nikapeleka notisi. Wenzangu wakanikatia keki. Hiyo Machi, mwaka jana."

"Miezi tisa kabla ya kutimiza ishirini."

"Miezi tisa kabla ya pensheni kamili, ndiyo. Umepiga hesabu haraka."

"Kwa nini hukusubiri kibali kitoke kwanza, ndipo uache?"

"Hilo ni swali la mama mkwe wangu. Amekutuma?"

Noreen alifungua ukurasa mpya.

"Una mashua, Bwana Somerville?"

"Sina."

"Uliwahi kuwa nayo?"

"Natapika nikipanda kivuko."

"Una rafiki asiye raia wa nchi hii?"

"Padri wetu ni Mnigeria. Nilimwandika kwenye fomu. Ukurasa wa ishirini na kitu."

"Naomba nione uani."

Walitoka kwa mlango wa nyuma. Kulikuwa na nyasi zilizokatwa vizuri, kamba ya nguo, kisha waya, kisha shamba la soya la mtu mwingine hadi kwenye banda la zamani la kukaushia tumbaku. Noreen alitembea mpaka kwenye waya akageuka huku na huku.

"Maji ya karibu yako wapi?"

"Ya kunywa?"

"Mto."

"Patuxent. Maili saba huko." Alinyoosha mkono, halafu akaushusha polepole. "Kuna mtu kasema nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Kwa hiyo kipo kilichosemwa."

"Sijasema kipo."

"Kingekuwa hakipo ungesema hakipo." Alijifuta mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa mikavu. "Corvane walinipigia Jumatatu. Nafasi wanaishikilia mpaka tarehe thelathini na moja. Baada ya hapo wanaweka mtu ambaye kibali anacho mfukoni. Sikuombi chochote, mama. Nakuambia tarehe tu."

Ilikuwa tarehe kumi na mbili.

Noreen alikwenda nyumba ya pili, ya Bibi Gough. Mapazia yalikuwa yamefungwa, na kiti cha barazani kimegeuzwa kuelekea ukutani. Nyasi za pale nazo zilikuwa zimekatwa. Aliacha kadi yake mlangoni yenye namba ya simu.

Nyumba isiyo na gati haiwezi kupakuliwa masanduku gatini. Lakini mtu huweza kuwa na gati mahali pengine. Royden alikuwa ametaja, alipoulizwa, kwamba anapika kaa kwa Quade, mgahawa wa kando ya mto. Noreen akaendesha hadi huko. Gati lilikuwepo, refu, na mashua sita zimefungwa. Ndani, wanawake kutoka Mexico walikaa kwenye meza ndefu wakichokonoa nyama ya kaa kwa visu vidogo, wakizungumza kwa lugha yao. Gati, mashua, masanduku, wageni. Kwa nusu saa jambo lilionekana limekwisha.

Mwenye mahali, mwanamke mfupi aliyevaa buti za mpira, alimletea kadi za mahudhurio bila kinyongo.

"Royden? Kaanza Aprili hii, tarehe kumi na mbili. Kabla ya hapo hakuwahi kukanyaga hapa, hata kununua. Alisema kaa wanamtisha wakiwa hai."

"Una hakika ni mwaka huu?"

"Dada, mimi nilimfundisha kuwasha jiko. Mwaka jana angekuwa ameshaliunguza."

Aya iliandikwa Agosti. Royden alifika gatini miezi minane baadaye. Noreen alipiga mstari juu ya alichokuwa ameandika akarudi barabarani.

Msimamizi wa zamani wa Royden katika shirika la umeme aliitwa Clagett. Ofisi yake ilikuwa na kiyoyozi kikali, na yeye alikuwa na sweta katikati ya joto la Julai. Kwenye faili, chini ya swali la kama shirika lingemwajiri tena Royden, alikuwa ameweka alama ya hapana.

"Ndiyo, niliweka mimi," alisema. "Na Oktoba alikuja hapa kuomba kiti chake. Nikamwambia kiti kina mtu. Akasema atachukua hata kazi ya kusoma mita. Nikamwambia hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilimsihi asiende. Nilikaa naye pale ulipokaa wewe. Nikamwambia, Royden, unaacha mkate mkononi unafuata harufu ya mkate. Akanijibu nina wivu. Haya. Wivu ukamwekea alama ya hapana."

"Ulimsema vibaya kwa mpekuzi?"

Clagett alimtazama kama aliyetukanwa. "Nilisema ndiye mtu makini kuliko wote niliowahi kuwa nao. Nina hasira naye, sina uongo juu yake. Muulize mwenzako."

"Na mwenzangu naye, mlikaa hapa hapa?"

"Tulikaa wapi? Alinipigia simu. Dakika nne, tano. Nilikuwa kwenye gari."

Noreen aliligeuza faili aone vizuri. "Hapa pameandikwa mlikutana ofisini, ana kwa ana, dakika arobaini. Tarehe kumi na nne Agosti."

"Agosti kumi na nne nilikuwa safarini kwenda ufukweni Delaware na wajukuu. Nilipokea simu nikiwa kwenye foleni ya daraja. Mke wangu alinigombeza kwa hilo, ndiyo maana nakumbuka."

"Uko tayari kuandika hivyo na kutia sahihi?"

"Lete kalamu. Na ukimwona Royden..." Alisita. "Usimwambie kitu."

Alitia sahihi, akaweka na saa.

Noreen alikuwa bado kwenye maegesho simu ilipoita. Bernadine, binti wa Bibi Gough, alikuwa ameiona kadi mlangoni.

"Unamtafuta mama yangu wa nini?"

"Alitoa maelezo kwa mwenzangu mwaka jana. Nataka tu kuyahakikisha naye."

"Mwaka jana lini?"

"Agosti."

"Njoo Leonardtown," Bernadine alisema, akamtajia jina la makao ya wazee. "Uje uyahakikishe."

Bibi Odessa Gough alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, mdomo umepinda upande wa kulia, leso safi imewekwa kidevuni. Bernadine, mwanamke wa miaka sitini hivi aliyevaa sare ya dereva wa basi la shule, alisimama nyuma yake kama mlinzi.

"Kiharusi," alisema. "Tarehe tisa Juni, mwaka jana. Hajatamka neno tangu siku hiyo. Hata jina langu. Sasa niambie, Agosti alizungumza na nani?"

Noreen aliomba kitabu cha wageni cha mapokezi. Muuguzi alikileta, na wakakipekua pamoja, Juni hadi Desemba. Bernadine. Padri. Bernadine. Royden na Thea Somerville, Jumapili mbili kila mwezi. Tippett hakuwemo. Aliomba barua ya tarehe ya kupokelewa mgonjwa; muuguzi akamtolea nakala, baada ya Bernadine kutia sahihi.

"Anaelewa ukisema naye?"

"Anaelewa kuliko mimi. Anakubana mkono wa kushoto. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana."

Noreen alivuta kiti akakaa, akaweka mkono wake ndani ya ule wa bibi. Ulikuwa mkavu na wenye joto.

"Bibi, mimi naitwa Noreen. Kuna mtu yeyote kutoka serikalini aliyewahi kuja kukuuliza habari za Royden Somerville?"

Mara mbili.

"Aliwahi kukupigia simu? Kabla hujaugua?"

Mara mbili.

"Royden ana wageni wanaokuja na masanduku?"

Bibi Gough alimgeukia polepole na kumtazama kwa jicho moja zima. Kisha akabana mara mbili.

"Ni mtu wa kuaminiwa?"

Akabana mara moja, kwa nguvu ambayo Noreen hakuitarajia, na hakuachia.

"Royden ndiye aliyemkuta sakafuni," alisema Bernadine. "Aliona taa ya barazani haijazimwa mchana, akavunja dirisha la jikoni. Daktari alisema saa moja zaidi tungekuwa tunamzika. Na mpaka leo anamkatia nyasi, nyumba haina mtu." Alishusha pumzi. "Mliandika nini kwa jina la mama yangu?"

"Siwezi kukuambia."

"Basi toa mkono wako kwenye mkono wake."

Noreen aliutoa.

Garland Tippett aliishi nje ya Mechanicsville, kwenye nyumba ya matofali yenye karakana. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na alikuwa amekaa ofisi ya sherifu miaka ishirini na saba; yeye ndiye aliyemfundisha Noreen kuhoji, na yeye ndiye aliyemwingiza kwenye kampuni. Alimkuta karakanani akichonga bata wa mbao, wale wa kuwahadaa bata wa kweli wakati wa kuwinda. Alikuwa anachonga shingo.

"Kaa," alisema bila kuinuka. "Chai ya barafu iko pale. Umekonda, bibie, wanakulisha nini?"

"Agosti kumi na nne mwaka jana ulikuwa wapi, mzee?"

Kisu hakikusimama. "Swali la aina gani hilo?"

"Uliandika ulikuwa ofisini kwa Clagett. Clagett alikuwa kwenye foleni ya daraja. Uliandika ulikuwa barazani kwa Odessa Gough. Odessa Gough alikuwa kitandani, mdomo umepinda."

Alichonga mikato miwili mitatu zaidi. Kisha akakiweka kisu mezani na kuupuliza unga wa mbao.

"Nilikuwa ndani hapo," alisema. "Meza ya kulia. Simu sikioni. Ulitaka niwe wapi? Mwezi ule walinipa mafaili arobaini na moja. Arobaini na moja, Noreen. Kila moja watu sita wa kuona ana kwa ana, kutoka hapa mpaka Waldorf. Ungefanyaje?"

"Ningesema hayawezekani."

"Ulisema lini?"

"Siku ile ulipiga simu ngapi?"

"Kumi na moja."

"Bibi Gough alipokea?"

"Iliita tu."

"Ukaandika nini?"

Tippett alisugua paji la uso kwa kiganja, akajiachia unga juu ya nyusi. "Nilikuwa naandika kwenye vijikaratasi. Jioni nakaa navipanga kila kimoja na faili lake. Kimoja kikabaki hakina jina. Mwanamke mtu mzima, jirani, sauti ya huku huku kwetu. Na faili moja likabaki halina jirani. Nikasema, basi, ndiye."

"Ukasema ndiye."

"Nilikuwa nimechoka."

"Niambie tena kitu kimoja," alisema Noreen. "Yale maneno hukuyatunga."

"Sijawahi kutunga neno. Nilifupisha njia, sikutunga."

"Kwa hiyo yupo mwanamke aliyekuambia kwa kinywa chake kwamba jirani yake anapokea wageni kwa mashua, wanapakua masanduku gatini."

Tippett alimgeuza bata juu ya meza.

"Alikuwa anamsema nani?"

"Sijui."

"Mzee."

"Sijui, Noreen. Nimelifikiria hilo. Karatasi nilizichoma. Sijui."

"Mafaili mengine ya siku ile uliyafunga vipi?"

"Safi," alisema Tippett, akitazama bata wake. "Yote safi. Isipokuwa hili."

"Ndiyo kusema yule mwenye gati alipata kibali. Yuko ndani ya kambi sasa hivi, na onyo lake limekaa kwenye faili la mtu anayeishi maili saba kutoka majini."

"Huenda ni mvuvi na shemeji zake. Watu wanapakua kaa, wanapakua bia. Vikongwe wanaona mambo."

"Huenda."

Tippett aliinuka, akaenda kufunga mlango wa karakana ingawa hapakuwa na mtu nje. Aliporudi sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya mwalimu.

"Sikiliza. Andika hivi: shahidi hawezi kuhojiwa kwa sababu ya afya, maelezo yake hayakuthibitishwa na yeyote. Kila neno hapo ni kweli. Aya inafutwa, kijana anapata kibali chake kabla ya mwezi kwisha, anaingia kazini, mkewe anapumzika. Umemwokoa. Ukiandika lile lingine, unajua kitakachotokea? Watafungua kila faili nililowahi kugusa. Miaka minne. La kijana likiwemo. Litatolewa juu ya meza, litaanza upya kutoka mkiani. Unaijua foleni."

"Naijua."

"Sasa utakuwa umemfanyia nani wema?"

"Kampuni inaweka orodha ya simu zetu," alisema Noreen. "Namba kumi na moja za siku ile zipo. Siwezi kupewa bila kusema nazitakia nini."

"Nimekuuliza kitu."

"Nimesikia."

"Nilikutoa kwenye zamu za barabarani, nikakufanya mpelelezi. Nilisimama na wewe kanisani siku unamzika mumeo."

"Ulisimama, mzee. Na uliniambia tangu siku ya kwanza, usiandike ulichodhani, andika ulichosikia na nani kakisema." Aliinuka. "Nitaandika na hilo la vijikaratasi, ulivyolieleza. Hukutunga. Nitaliweka."

Tippett alikichukua kisu, akakirudisha mezani. "Toka karakanani kwangu," alisema.

Noreen aliiandika ripoti asubuhi iliyofuata, kurasa nne. Aliambatisha maelezo ya Clagett, nakala ya kitabu cha wageni na barua ya makao ya wazee. Kabla ya kuiwasilisha rasmi alimpelekea rasimu na kumpigia Bi Dalrymple, msimamizi wake makao makuu, mwanamke ambaye hawakuwahi kuonana.

"Ina ukurasa wa tatu, uliouandika kuhusu Tippett," alisema Bi Dalrymple baada ya kuisoma. "Una hakika unataka uwemo? Ikishaingia haitoki."

"Faili la Somerville linaweza kutenganishwa na mengine? Lake limeshathibitishwa. Nimelithibitisha mimi."

"Haliwezi. Lilipitia mkononi mwa Tippett, litarudi na ya Tippett. Sikutunga hiyo sheria."

"Ya Tippett yatachukua miezi mingapi?"

"Tisa hadi kumi na minne. Sasa hivi tuko kwenye kumi na minne."

"Mtu huyu ana siku kumi na nane."

"Noreen, nakuuliza mara moja tu. Uko na ukurasa wa tatu, au huna?"

"Niko nao," alisema Noreen, akabonyeza kitufe cha kutuma.

Mafaili mia sita na kumi na mawili yalifunguliwa wiki ile. Wanaume wawili waliovaa suti walikwenda Mechanicsville wakaondoka na kompyuta ya Tippett. Katika namba kumi na moja, ya tisa ilikuwa ya mjane anayeishi kando ya kijito kusini kabisa mwa wilaya. Alipopigiwa aliyarudia maneno yake karibu kama yalivyoandikwa, akaongeza kwamba alikuwa akijiuliza kwa nini hakuna aliyerudi kumsikiliza. Jirani yake alikuwa na kibali tangu Novemba. Alitiwa mbaroni kazini kwake kabla ya saa sita mchana, na kilichokuwa ndani ya masanduku hakikuwa cha Noreen kuambiwa.

Tarehe thelathini na moja Corvane walimpigia Royden Somerville.

Tarehe mbili Agosti Noreen alikwenda kwa Quade mchana. Kitambulisho chake alikuwa amekiacha kwenye gari. Royden alikuwa nyuma ya jengo kwenye masufuria ya mvuke, amevaa aproni ya mpira, akimwaga viungo vyekundu juu ya kaa kwa kijiko kikubwa.

"Wameshanipigia," alisema. "Kama umekuja kunipa pole umechelewa, mama."

"Nimekuja kukuambia nisichoruhusiwa kukuambia."

Alifunika sufuria. Noreen alimweleza, wima pale pale, kwa dakika kumi: maneno yalivyokuwa, yalikotoka, jinsi yalivyoingia kwenye faili lake, nani alisahihisha na lini. Hakutaja jina la Tippett wala la yule mwingine. Royden alisikiliza huku ameushika mpini wa kijiko kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo nilikuwa safi," alisema.

"Tangu siku ya kwanza."

"Mwaka mzima nakaa kitandani najiuliza ni nani nilimkosea. Nimemwaza Clagett. Nimemwaza shemeji yangu, sijala naye tangu Krismasi." Alicheka kidogo, bila sauti. "Nilimwaza hata Bibi Odessa."

"Clagett alikusifu. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Clagett?" Alitikisa kichwa. "Na yule mzee wenu, ameomba radhi?"

"Hapana."

"Nani ataomba basi?"

"Mimi naomba."

Royden aliipokea kwa kutikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa chenji. Akafunua sufuria ya pili, akachungulia ndani ya mvuke, akafunika.

"Bibi alikuwa hawezi kusema, hilo najua. Karatasi ya makao ya wazee ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Ungeweza kuandika hilo tu. Kwamba bibi ni mgonjwa. Ukaishia hapo."

"Ningeweza."

"Ningepata?"

Noreen angeweza kusema hajui. "Kabla ya mwezi kwisha," alisema.

Upande wa gati mtu aliwasha injini ya mashua, ikakohoa, ikazima, akaiwasha tena.

"Na yule mwingine angebaki ndani."

"Angebaki."

"Alikuwa kambini anafanya nini huyo?"

"Sijui. Kweli hilo sijui."

Mwenye mahali alichungulia mlangoni akasema kuna watu wanangoja dazeni mbili za kaa na meza imeshatandikwa magazeti ya kuwamwagia. Royden alimjibu anakuja. Alivaa glavu zake, moja, kisha nyingine, akikaza vidole kimoja kimoja.

"Thea nitamwambia mwenyewe," alisema. "Mengine yote nitamwambia. Hilo la mwisho, kwamba ningepata, hilo usije ukamwambia. Hata mkikutana dukani."

"Sitamwambia."

"Anaamka saa kumi alfajiri kwenda kufua mashuka ya watu. Akilijua hilo hataamka."

Alinyanyua sufuria kwa mikono yote miwili, mvuke ukamfunika uso, akaingia nayo ndani.